Kabla hujasimamisha mlingoti wa upepo kwenye biashara yako, piga hesabu hizi

Kila upepo wa kusi ukianza kupiga huku kwetu Unguja, kuna mtu wa Paje, Jambiani au Makunduchi anaanza kuulizia mtambo wa kuzalisha umeme kwa upepo, na mie namuelewa kabisa. Usiku kucha unasikia mabati yanagonga, bendera mpya inachanika ndani ya wiki chache, asubuhi ukitazama TUKUZA, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, zimebaki uniti nne na friza ndo kwanza linanguruma, lazima utajiuliza upepo wote huu unaopita bure kwa nini usinilipie umeme. Swali ni la maana. Ila jibu lake halipo kwenye picha alizokutumia muuzaji, lipo kwenye hesabu chache ambazo ukishazielewa unazipiga mwenyewe kwenye simu, na nnataka nizieleze hapa moja moja manake pesa ya biashara ndogo ni pesa ya ada za skuli na ya kula, haifai ikapotea kwa kitu ambacho karatasi moja tu ingetosha kukuonesha kama kinafaa au hakifai.

Tuanze na kasi ya upepo, na hapa nnakuomba usome taratibu kwa sababu karibu makosa yote ya biashara hii yanaanzia hapa. Nguvu iliyomo ndani ya upepo haipandi sawasawa na kasi. Inapanda kwa kasi mara kasi mara kasi. Upepo ukiongezeka, hewa inayopita kwenye mapanga kwa kila sekunde inakuwa nyingi zaidi, na hiyo hewa yenyewe inakuja na nguvu kubwa zaidi, sasa vitu hivi viwili vinazidishana. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Hata tofauti ndogo inauma: chukua mita 4 kwa sekunde na mita 5 kwa sekunde, ukisimama uwanjani hutaweza kuzitofautisha kwa shavu lako, lakini 4 mara 4 mara 4 ni 64, na 5 mara 5 mara 5 ni 125, yaani karibu mara mbili. Ndo maana mtu akikwambia "hapa kwetu upepo upo" hajakwambia kitu bado. Upo kiasi gani, kwa wastani wa mwaka mzima, na kwenye urefu upi? Hapo ndo mazungumzo yanaanza.

Wengi wetu tumezoea kilomita kwa saa kama Mamlaka ya Hali ya Hewa wanavyotangaza, kwa hiyo shika hivi: mita 5 kwa sekunde ni kilomita 18 kwa saa, na mita 11 kwa sekunde ni karibu kilomita 40 kwa saa. Sasa hiyo 40 unaijua. Ndo ile wanayoitaja kwenye angalizo la upepo mkali na mawimbi ya mita mbili, wavuvi wenye vyombo vidogo wanaambiwa wachukue tahadhari. Na ndo kasi hiyo hiyo ambayo mitambo mingi midogo imepimiwa ile namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi. Ikiandikwa kilowati 1.5 maana yake inatoa kilowati 1.5 siku ya angalizo, wakati upepo umeshika kweli kweli, si jioni ya kawaida watu wakiwa wanakunywa kahawa barazani.

Kwa hiyo namba ya kwenye boksi iweke pembeni. Kitu cha kuuliza ni upana wa duara linalochorwa na mapanga yakizunguka, kutoka ncha hadi ncha. Hilo duara ndo wavu wako, huwezi kukamata hewa isiyopita ndani yake. Na zaidi ya miaka 100 iliyopita Mjerumani mmoja mtaalamu wa fizikia, Albert Betz, alishaonesha kwamba hakuna mtambo wowote duniani, hata utengenezwe na nani, utakaochukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaopita kwenye duara lake, kwa sababu ukichukua yote hewa ingesimama pale pale nyuma ya mapanga na upepo mwengine usingepata pa kupita. Mitambo midogo ikiwa mizuri inapata asilimia 25, au 30 ikijitahidi sana.

Tuitumie hiyo papo hapo. Kuna mitambo inatangazwa kwenye simu zetu ina upana wa mita moja na nusu, imeandikwa kilowati 3, bei imekaa vizuri. Piga hesabu. Duara la mita 1.5 lina eneo la mita za mraba 1.77. Hewa yetu ya joto la nyuzi 30 ina uzito wa karibu kilo 1.16 kwa kila mita ya ujazo. Nusu ya 1.16, mara 1.77, mara 11 mara 11 mara 11, unapata karibu wati 1,370. Hiyo ndo nguvu yote iliyomo kwenye upepo wa angalizo unaopita hapo, yote, kabla mtambo haujagusa kitu. Ukiweka kikomo cha Betz zinabaki wati 810. Sasa kilowati 3 zinatoka wapi? Hazipo. Hesabu hii inachukua dakika mbili na inaweza kukuokolea milioni kadhaa, tafadhali ifanye hata kama anaekuuzia ni jamaa yako wa damu.

Haya, tuchukue mtambo wa kweli, upana mita 3, kilowati 1.5 ya haki. Ukiuweka pahala penye wastani wa mita 5 kwa sekunde kwa mwaka, juu kule yalipo mapanga na si chini kwenye mchanga, tegemea karibu uniti 1,750 kwa mwaka (uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa moja), yaani chini kidogo ya uniti 5 kwa siku. Wastani ukiwa mita 4 unashuka mpaka karibu 1,000. Ukiwa mita 3 unaweza usifike hata 400, hapo mtambo ni pambo tu. Ukibahatika kupata mita 6 unapanda zaidi ya 2,500. Angalia namba hizo vizuri: mtambo ni ule ule, bei ile ile, fundi yule yule, kilichobadilika ni kiwanja. Na muuzaji yeye anakupigia kilowati 1.5 mara saa 24 anakwambia uniti 36 kwa siku, wakati hata pale penye mita 5 utapata kama asilimia 13 tu ya hizo.

Uniti 5 kwa siku ni nini kwenye biashara? Tuseme una nyumba ya wageni vyumba sita. Pangaboi moja linakula kama wati 70, liwashe kwa muda wa saa kumi za usiku ni uniti 0.7, vyumba sita ni uniti 4 na kitu. Basi, mtambo umeishia hapo, umezungusha mapangaboi. Ukiwa na kiyoyozi cha nguvu ya farasi moja, chumba kimoja tu usiku mmoja kinaweza kumaliza zile uniti 5 zote. Pampu ya kisima ya nguvu ya farasi moja ikienda saa mbili ni uniti moja na nusu. Kwa hiyo kabla ya kuangalia juu angalia ndani: chukua daftari, wiki nzima andika uniti zilizobaki kwenye mita saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi. Utajua usiku unakula ngapi na mchana unakula ngapi, na tofauti hiyo itakuja kuamua mambo huko mbele. Afu chukua kipande cha karatasi ukibane kwenye mlango wa friza, ukivute. Kikitoka bila kushika, mpira umekufa, na friza lako linapooza uwanja. Kulifungia friza kama hilo mtambo mpya wa umeme ni kujaza maji kwenye pakacha. Mpira mpya, taa za LED, na pangaboi la aina mpya linalokula nusu ya umeme, hivi vitu havina mvuto wa mlingoti mrefu uliosimama pwani lakini uniti usiyoitumia ndo rahisi kuliko zote.

Sasa misimu, na hapa sie wa visiwani tuna elimu ambayo mtu wa nje hana. Upepo wetu una kalenda. Kaskazi inakuja kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, kusi inashika baada ya masika na nguvu yake ipo Juni mpaka Agosti na Septemba, na katikati ndo tangambili, upepo haujui uende wapi, siku nyingine hautikisi hata kanga kwenye kamba. Mtambo utazalisha sana miezi ile na karibu usizalishe kitu miezi hii. Biashara yako nayo ina kalenda. Zipambanishe.

Mwenye nyumba ya wageni pwani ya mashariki kidogo ana bahati, wageni wanajaa Julai na Agosti kusi ikiwa juu, wanajaa tena Disemba na Januari kaskazi ikiwa imeshika, na Aprili upepo unapolegea nusu ya vyumba vitupu. Lakini ona na hili: joto la kukesha na kiyoyozi ni la kaskazi, kusi ni kipupwe, mgeni anaomba shuka la pili. Kwa hiyo msimu wenye upepo mkubwa ndo msimu ambao kiyoyozi hakitakiwi sana. Muuza barafu ndo mtihani zaidi. Kusi ikichafua bahari vyombo vidogo vingi havitoki, samaki hakuna, barafu hainunuliwi, na mtambo wako wakati huo ndo unazalisha kuliko wakati wowote. Bahari ikitulia wavuvi wanaingia kwa wingi wanataka barafu, na juu kule mapanga yamesimama. Mtu wa namna hii wastani wa mwaka unaweza kumdanganya kabisa hata kama ni wastani wa kweli. Wenye kusaga mwani kwa sabuni na vipodozi wao wana nafasi nzuri kidogo, manake mwani mkavu unangoja, unaweza kuukusanya ukausaga siku ya upepo. Kazi inayoweza kungoja upepo ina thamani kubwa sana kwenye hesabu hizi, na pampu ya kujaza tangi ni moja yao.

Tukija kwenye kiwanja, Unguja si moja. Kusi inatoka kusini mashariki, kwa hiyo Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu wanaipata moja kwa moja kutoka baharini haijagusa kitu. Upande wa magharibi, Bububu, Mji, inafika imeshapita juu ya kisiwa kizima na miti yake na nyumba zake. Kaskazi inawapiga zaidi Nungwi, Matemwe, Kiwengwa, na kule Pemba Micheweni na ncha ya Kigomasha. Pemba kwa ndani ni vilima na mabonde na mikarafuu, ukiwa kilimani juu kabisa pengine utapata kitu, ukiwa bondeni sahau. Na hata Jambiani kwenyewe, nyumba ya mbele iliyotazama bahari na nyumba iliyopo mita 300 nyuma ya minazi ni dunia mbili tofauti.

Minazi ndo adui mkubwa. Kanuni inayotumika ni kwamba ncha ya chini ya mapanga iwe juu kwa mita 10 hivi kuliko kitu chochote kilichopo ndani ya mita 150 kuzunguka. Minazi mirefu ya kwetu inafika mita 20 na zaidi. Jumlisha mwenyewe: 20, na 10, na nusu ya upana wa mapanga, unazungumzia mlingoti wa mita 30 na kitu. Mlingoti wa hivo na waya zake na msingi wake wa zege unaweza ukaushinda mtambo wenyewe kwa bei. Watu wanakwepa gharama hiyo wanafunga mtambo kwenye paa, na hapo ndo pabaya kuliko pote. Upepo ukigonga nyumba unavurugika, unapanda, unashuka, unazunguka, mapanga yanakosa pa kuelekea, yanatafuta upepo kutwa, mashine inachoka, na mtikisiko unashuka kwenye ukuta mpaka kitandani kwa mgeni. Uingereza walipima mitambo midogo ya kwenye majengo, matokeo yakatoka 2009, kwa wastani ilikuwa inatoa chini ya asilimia 5 ya uwezo wake ulioandikwa. Ile mitambo iliyosimama wima kama yai, inayosifiwa kwamba inapokea upepo wa pande zote, haiponi kwenye tatizo hili, upepo mdogo ni mdogo kutoka upande wowote utakaokuja.

Usitazame minazi kujua upepo, mnazi wa pwani unalala kuelekea baharini kutafuta mwanga, mara nyingi unalala kinyume na upepo. Tazama mivinje na vichaka vilivyopo peke yake juu ya mawe. Kama vyote vimelalia upande mmoja, matawi ya upande wa bahari mafupi na ya nyuma marefu, hapo kuna upepo wa kudumu. Na kuna kipimo kingine kizuri sana ambacho mtoto wa jirani atakusaidia: tiara, yaani kishada. Funga vitambaa vyepesi kwenye uzi kila baada ya mita mbili tatu, irushe siku ya upepo wa kawaida, afu simama mbali utazame. Vitambaa vya chini vitakuwa vinatapatapa, vinapinda huku na huku, na ukipanda juu kuna pahala vinaanza kunyooka vyote upande mmoja vimetulia. Pale vinaponyooka ndo mapanga yanatakiwa yawe, na kimo chake kutoka ardhini, si urefu wa uzi maana uzi umelala, kitakwambia mlingoti wako unahitaji mita ngapi. Kama vinanyooka kwenye urefu ambao huwezi kuugharamia, umepata jibu lako kwa bei ya tiara.

Baada ya hapo ndo upime kwa chombo. Kuna ramani ya bure ya upepo wa dunia nzima, Global Wind Atlas, imetengenezwa na chuo kikuu cha ufundi cha Denmark pamoja na Benki ya Dunia, unaingia kwa simu unabonyeza kijiji chako inakupa wastani wa mwaka kwenye mita 10, 50, 100. Chukua kama mwanzo tu, ramani haijui kama kuna msikiti mpya na ghorofa limejengwa mbele yako. Zile programu za upepo wanazotumia vijana wa kaiti, wale wanaoteleza baharini wakivutwa na tiara kubwa, pale Paje nazo zinasaidia, ila kumbuka mtu wa kaiti anatafuta saa nzuri za mchana, hana shida na saa nane za usiku upepo ukiwa umelala, na wewe mtambo wako unahesabiwa saa zote 8,760 za mwaka. Nunua kipima upepo cha vikombe chenye kuhifadhi data, kifunge juu ya bomba refu hapo hapo kiwanjani, kiache mwaka. Mwaka ni mrefu, najua. Ukishindwa kabisa, basi pima kusi moja na tangambili moja, afu linganisha na rekodi za miezi hiyo hiyo za kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege, utajua kiwanja chako kiko juu au chini kwa kiasi gani na kutoka hapo utakisia mwaka mzima. Mtu asiyetaka usubiri hata msimu mmoja ana haraka na pesa zako.

Sasa pesa. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme mtambo wa mita 3, mlingoti, msingi, inveta ya kubadilisha umeme uwe wa kutumika nyumbani, usafiri mpaka bandarini na ushuru na mafundi, jumla shilingi milioni 15, na tuseme utaishi miaka 15. Kwenye upepo wa mita 5 unapata uniti 1,750 mara 15, ni 26,250, gawa, uniti moja imekusimamia karibu shilingi 570. Kwenye upepo wa mita 4 ni uniti 15,000, kila moja shilingi 1,000. Na hapo hujatia matengenezo wala betri. Chukua risiti yako ya TUKUZA, gawa pesa uliyotoa kwa uniti ulizopata, weka namba hizo pamoja uone mwenyewe. Kushindana na umeme wa ZECO, shirika letu la umeme Zanzibar, ni kazi ngumu sana kwa mtambo mdogo. Kushindana na jenereta ni hadithi nyengine: jenereta dogo la petroli linakula nusu lita hivi au zaidi kwa uniti moja, ukiweka lita kwa shilingi 3,000 uniti imeshafika 1,500. Lakini je jenereta unaliwasha saa ngapi kwa mwezi? Kama ni saa tano sita umeme ukikatika, huwezi kununua mtambo wa kuzalisha mwaka mzima kwa ajili ya saa hizo.

Na nnaona hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kuna shida ya bili na kuna shida ya kukatika. Sie kukatika kumetuumiza, hakuna aliyekuwepo atakaesahau Mei mpaka Juni 2008 karibu mwezi mzima Unguja haina umeme, afu tena kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kabla waya mpya wa chini ya bahari wa megawati 100 haujaja 2013. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini kama shida yako ni kukatika kwa saa chache, dawa yake ni betri na inveta, na betri hiyo unaweza kuichaji kwa umeme huo huo wa ZECO ukiwepo, bila panga hata moja kuzunguka. Na ukinunua mtambo na inveta ya kuungana na gridi, yaani nyaya za ZECO, bila betri, umeme wa mtaani ukikatika na wako unazima, imetengenezwa hivo makusudi ili fundi aliyepanda nguzoni asipigwe na umeme unaotoka kwako. Mtu amelipa mamilioni akitegemea awe na mwanga mtaa ukiwa kiza, anakaa kizani na wenzake. Uliza hili kabla ya yote, na kuunganisha chochote na gridi bila ZECO kujua usithubutu.

Halafu sola. Kwa jua letu kilowati moja ya paneli inakupa kama uniti 4 kwa siku. Zile uniti 5 za mtambo wa mita 3 kwenye upepo mzuri unazipata kwa paneli tatu za wati 400, zimelala juu ya bati, hazina kinachozunguka, unazifuta vumbi na chumvi basi. Paneli tatu kwa mlingoti mzima! Kwa duka, saluni, fundi cherehani, ofisi, yaani biashara yoyote inayofanya kazi mchana, nnasema wazi sioni hesabu ya upepo itakayoishinda sola hapa kwetu.

Wenzetu Kenya wanaofanikiwa na upepo, tazama wanafanyaje. Lake Turkana pale Marsabit wana mitambo 365, jumla megawati 310, kila mmoja mapanga yake yana upana wa mita 52, na wameiweka kwenye njia ya upepo ambayo ni ya nadra Afrika nzima. Ukubwa ndo unaoleta faida kwenye upepo, sola haina tabia hiyo, paneli moja inafanya kazi sawa na paneli elfu.

Chumvi nayo usiidharau. Mlango wako wa geti pwani unakula miaka mingapi? Sasa fikiria beringi, nati, waya na bodi za elektroniki zilizopo juu mita 24 zinapigwa na hewa ile ile usiku na mchana. Mlingoti uwe wa kulazwa, ule unaoshuka na kupanda kwa winchi, chuma kiwe kimechovywa zinki, nati ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, waya wa athi uende ardhini vizuri kwa ajili ya radi, na mara mbili kwa mwaka, tangambili zote mbili upepo ukiwa mdogo, mtambo ushuke ukaguliwe. Nani ataushusha? Kama fundi lazima atoke nje ya nchi, tia nauli yake kwenye ile milioni 15. Mlingoti wa kulazwa utakufaa pia siku mbaya. Vimbunga kwetu ni nadra ila vipo, kile cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu na minazi ya Unguja kwa wingi mpaka Pemba ikachukua nafasi ya mbele kwenye karafuu, na Mei 2024 Hidaya ilipita jirani ikaelekea Mafia. Tangazo likitoka unataka mapanga yako yawe yamelala chini yamefungwa.

Ruhusa pitisha kwa sheha na halmashauri mapema, na zungumza na majirani, sauti ya mapanga usiku inasafiri. Mji Mkongwe usijisumbue, ni urithi wa dunia tangu 2000 na mlingoti juu ya paa hautapita, na hata ungepita upepo wa vichochoroni haufai. Pemba ukiwa karibu na wanapolala popo wakubwa kama Kidike, tafuta pahala pengine, popo wale hawapatikani kokote duniani isipokuwa hapo.

Basi nani aweke? Nnamuona mtu wa aina moja. Yupo pwani ya mashariki au ncha ya kaskazini, mbele yake bahari tupu, nyuma yake hakuna minazi mirefu karibu, au yupo kwenye kijisiwa au kambi ambayo nguzo za umeme hazifiki na kila uniti inatoka kwenye jenereta. Ameshabadilisha mipira ya friza na taa. Ana sola tayari na betri tayari, na daftari lake linamwambia kwamba usiku anakula zaidi ya mchana, kwamba Julai betri zinakwisha saa tisa usiku na jenereta linawaka mpaka alfajiri. Amepima na kipimo chake kimeonesha mita 5 na nusu au zaidi pale juu. Mtu huyo mtambo wa mita 3 wa uniti 5 kwa siku, nyingi zikija miezi ya kusi na kaskazi, hata usiku, moja kwa moja kwenye betri alizonazo, unamzimia jenereta lile la alfajiri, na kwa bei ya petroli ya sasa hesabu yake inasimama. Na anapokwenda kwa muuzaji asiulize kilowati. Aulize upana wa mapanga, aulize uniti za mwaka kwenye wastani wa mita 5 zilizopimwa kwa viwango vya kimataifa vya IEC 61400-2 ambavyo ndo vya mitambo midogo, aulize spea zipo wapi, na aombe kuonana na mteja wa pwani ambae mtambo wake umeshamaliza miaka mitatu ya chumvi na bado unazunguka.